Baba yangu alizikwa Ijumaa Kuu bila wimbo hata mmoja

Shikamoo Mama,

Nasoma safu hii tangu nikiwa chuoni ila sijawahi kuandika. Leo naandika kwa sababu Kwaresima inaelekea ukingoni na mimi najijua. Ijumaa Kuu ikifika nitakaa tena benchi la nyuma, watu wote watapanga mstari kwenda kubusu Msalaba, na mimi nitabaki nimeukumbatia mkoba wangu kama abiria anayengoja basi.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya kigangoni kwetu, mkoani Kilimanjaro, kwa miaka 32. Hakusomea muziki. Solfa alifundishwa na padre mmoja mzee, naye akawafundisha vijana wa kijiji kizima. Ukienda kwetu hata leo utakutana na watu wenye wajukuu ambao nota walizisoma kwenye ubao wake, nyuma ya kanisa, Jumamosi jioni. Hakukuwa na msiba pale kijijini ambao yeye hakusimama mbele ya kwaya na kuinua mkono.

Alifariki Jumatatu ya Juma Kuu, mwaka 2022. Kisukari kilikuwa kimemla muda mrefu. Kaka yangu anafanya kazi Muscat, alipewa ruhusa ya siku chache, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Jumapili. Wazee wakakaa kikao, wakasema Ijumaa ni sikukuu, maofisi yamefungwa, watu watakuwepo, tuzike Ijumaa. Ilikuwa tarehe 15 Aprili.

Asubuhi ya siku yenyewe ndipo tukaambiwa. Misa hakuna. Kwaya haitaimba. Kengele haitagongwa. Padre alikuja nyumbani, akasoma Neno, akasali, akanyunyiza maji ya baraka, tukamshusha baba kaburini kati ya migomba. Kilichosikika ni udongo tu. Wanakwaya wake walikuja wote na sare zao, wakasimama mstari mmoja, wamenyamaza. Mama, sauti ya udongo ule naisikia mpaka leo. Ilipofika saa nane watu wakaanza kuondoka wawahi ibada ya saa tisa.

Shangazi yangu, dada yake baba, ameolewa kwa Walutheri. Alisema palepale, mbele za watu, "Kwetu angalau tungemwimbia." Baba mdogo akaongeza lake: kwamba anayezikwa bila Misa ni mtu aliyetengwa na Kanisa, na sasa watu watajiuliza kaka yake alikosa nini. Maneno hayo bado yanazunguka ukoo mzima. Tulipouliza kwa nini, tulijibiwa "ndiyo utaratibu." Basi, ikaishia hapo.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hakuna mtu aliyeiheshimu Ijumaa Kuu kama baba. Kila Alhamisi Kuu, Utukufu ukishaimbwa, alikifungia kinanda kwenye kabati la sakristia na kuutia ufunguo mfukoni. Hadi Mkesha wa Pasaka hakuna aliyekigusa. Sisi watoto tulijua Pasaka imefika pale ufunguo ulipotoka mfukoni kwake. Ufunguo huo upo, umetundikwa ndani ya kabati la mama na uzi wake mwekundu. Kigangoni walishabadilisha kufuli.

Juzi mwanangu wa miaka tisa, anayejiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, ameniuliza: "Mama, kwa nini inaitwa Kuu, wakati ndiyo siku Yesu alikufa na babu akazikwa?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia akamuulize mwalimu wake wa dini. Mume wangu yeye ananiambia nisahau, miaka minne inatosha.

Naomba unijibu mama. Je, baba alizikwa nusu? Je, natenda dhambi ninapokataa kubusu Msalaba? Na siku hii ina maana gani kwa mtu kama mimi?

Binti wa mwalimu wa kwaya, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mume wako asinielewe vibaya, lakini miaka minne si kitu kwa msiba ambao haukuelezwa. Msiba wa namna hiyo haupiti. Unakaa palepale ulipoachwa, kama nawe ulivyobaki pale kati ya migomba na wale wanakwaya waliovaa sare.

Nianze na maneno ya baba yako mdogo, maana ndiyo yenye sumu. Si kweli. Ijumaa Kuu Kanisa Katoliki haliadhimishi Misa mahali popote duniani, kwa ajili ya mtu yeyote. Roma hakuna Misa siku hiyo, na kigangoni kwenu hakuna. Angekuwa askofu anazikwa, naye asingesomewa Misa. Hata Komunyo tunayopokea jioni ile inatokana na hostia zilizowekwa wakfu Alhamisi usiku. Na kuhusu mazishi, waraka wa Vatikano wa mwaka 1988 juu ya maadhimisho ya Pasaka umeandika wazi kabisa: siku hiyo sakramenti haziadhimishwi, isipokuwa Kitubio na Mpako wa Wagonjwa, na atakayezikwa azikwe bila kuimba, bila ala za muziki, bila kengele. Padre wenu alifanya alichotakiwa kufanya. Aliyetengwa asingefuatwa na padre hadi nyumbani kwake, akasomewa Neno na kunyunyiziwa maji ya baraka. Mwambie baba yako mdogo hivyo, kwa heshima yake yote, na umwambie kwenye kikao cha ukoo, si pembeni. Yaliyosemwa mbele za watu yarudishwe mbele za watu.

Hata hivyo kosa lilikuwepo, na sitalifunika. Mtu alipaswa kuja kukaa na familia yenu Jumanne au Jumatano, kabla jeneza halijanunuliwa, akawaeleza kwamba mkizika Ijumaa itakuwa hivi na hivi, na kwamba Jumatatu ya Pasaka Misa ya mazishi inaruhusiwa. Pengine tiketi ya kaka yako ingewalazimisha kuzika Ijumaa vilevile. Lakini mngekuwa mmechagua, na wanakwaya wangekuja wakijua kwa nini wananyamaza. "Ndiyo utaratibu" ni jibu la dirishani, la mtu anayedai risiti. Mimi nimefundisha dini miaka mingi na najua tunavyojificha nyuma ya neno hilo tunapokuwa tumechoka, au tunapokuwa wenyewe hatuijui sababu. Ulikosewa hapo. Hasira yako ina mahali pake, ila mahali penyewe si Msalabani wala si kwenye ile Ijumaa.

Sasa hilo la kuzikwa nusu. Nataka tulikalie kidogo, maana humo ndimo lilimo jibu la mengine yote.

Wewe unawajua watu wawili waliozikwa Ijumaa Kuu. Mmoja ni baba yako. Hebu mtazame yule wa kwanza alivyozikwa. Injili zinasema alikata roho saa tisa. Jua likizama Sabato inaingia, na Sabato ikiingia hakuna kuzika. Kwa hiyo walikuwa na kama saa tatu. Katika saa hizo tatu Yosefu wa Arimataya afike kwa Pilato, aombe mwili, Pilato aulize kama kweli amekufa, ruhusa itoke, mwili uteremshwe, ufungwe sanda, ubebwe. Kaburi lenyewe halikuwa lake. Yohana anaeleza kwa nini waliliteua, na sababu yake ni ya kawaida hadi inaumiza: "maana lile kaburi lilikuwa karibu." Walimzika haraka, mwanangu, kwa sababu ya siku. Sikukuu ilikuwa inaingia.

Nani aliimba pale? Hakuna. Katika simulizi lote la Mateso wimbo unatajwa mara moja, na ni Alhamisi usiku: Mathayo na Marko wanasema walipokwisha kuimba, wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Baada ya wimbo ule kuna panga, jogoo, kelele za umati, misumari, kilio chake mwenyewe, na mwisho jiwe likivingirishwa. Sauti ya jiwe lile wapo walioisikia kama wewe unavyousikia udongo.

Walikuwa ni wanawake wa Galilaya. Luka anasema walifuata nyuma, wakalitazama kaburi na jinsi mwili ulivyowekwa. Hawakupata nafasi ya kufanya walichotaka kufanya. Nikodemo alikuwa amekuja na manukato yapata ratili mia, anavyosema Yohana, lakini wanawake wao hawakuwa wamempaka kwa mikono yao, na kwao mazishi yalikuwa hayajaisha. Wakarudi nyumbani, wakatayarisha marhamu, wakakaa kimya Sabato nzima kama sheria ilivyoamuru. Fikiria kukaa kule. Unayo dawa mkononi, unajua kilichobaki kufanywa, na siku inakuambia subiri. Alfajiri ya siku ya kwanza ya juma ndipo walipotoka kwenda kumalizia.

Wanakwaya wa baba yako walifanya kitu hichohicho. Walikuja, wakasimama, wakaona jinsi mwili ulivyowekwa, wakarudi na nyimbo zao bila kuziimba. Wewe umeukumbuka mstari ule miaka minne kama aibu. Mimi nimesoma barua yako mara tatu, na kila nikifika hapo naona ni heshima kubwa kuliko zote alizopewa. Watu waliofundishwa na mzee yule kufungua midomo waliifunga mbele ya kaburi lake, na kwao hilo lilikuwa gumu mara kumi kuliko kuimba.

Alizikwa alivyozikwa Bwana wake. Hiyo si nusu.

Kuna jambo jingine ambalo waumini wengi hatukufundishwa, na huonekana ukiangalia vizuri vitabu vya ibada. Misa ya Alhamisi Kuu jioni haimalizwi kwa baraka ya mwisho. Ekaristi huhamishwa, altare huvuliwa nguo, watu hubaki wakisali au huondoka kimyakimya. Ijumaa saa tisa padre anaingia bila wimbo, analala kifudifudi mbele ya altare iliyo tupu, na ibada inaanza bila ishara ya msalaba wala salamu. Inakwisha hivyohivyo: hakuna "nendeni na amani." Kila mtu anaupigia Msalaba goti na kutoka. Kuagwa rasmi kunakuja mwisho wa Mkesha wa Pasaka, pamoja na aleluya. Yaani Kanisa linazichukua siku hizo kama ibada moja ndefu iliyofunguliwa Alhamisi na kufungwa usiku wa Pasaka. Baba yako, aliyekuwa akiutia ufunguo mfukoni Alhamisi na kuutoa Jumamosi, alilijua hilo pengine kuliko maparoko kadhaa. Na mlipomshusha kaburini Ijumaa ile asubuhi, ibada ile ilikuwa inaendelea. Alizikwa ikiwa katikati.

Alikufundisha solfa? Naamini alikufundisha. Basi kumbuka mahali pa kunyamaza panaandikwaje. Nota inayovutwa inawekewa kistari. Kimya hakiandikiwi kitu, panaachwa wazi tu kati ya alama za mapigo, na mwimbaji anapahesabu moyoni bila kupavuka. Asiyejua akiliangalia daftari lile atadhani mwalimu amesahau kujaza. Ndivyo shangazi yako alivyoona, na simlaumu. Alimpenda kaka yake na alitaka kumwimbia. Wenzetu Walutheri huimba Ijumaa Kuu, tenzi nzito na nzuri za Mateso, na sisi pia ibada ya saa tisa ina nyimbo zake, ila bila kinanda. Sisemi kimya chetu kinampendeza Mungu kuliko tenzi zao. Nasema tu kwamba kaka yake aliishi miaka 32 akikilinda kimya hiki kwa ufunguo.

Turudi kwenye lile benchi lako la nyuma.

Hutendi dhambi. Kwanza, wengi hawajui kwamba Ijumaa Kuu si siku ya amri, yaani hakuna amri ya kuhudhuria ibada kama ilivyo Jumapili. Kilichoamriwa siku hiyo ni kufunga na kujinyima nyama, kwa wenye umri na afya ya kufanya hivyo. Pili, hata ukiwa kanisani, kuabudu Msalaba hakuna namna moja. Mtu anaweza kupiga goti, kuinama, kugusa mti kwa mkono, kubusu. Unaweza pia kubaki ulipo na kuutazama. Namna hizo zote ni halali.

Desturi yenyewe ni ya kale mno. Mwishoni mwa karne ya 4 mama mmoja aitwaye Egeria alisafiri hadi Yerusalemu, akaandika aliyoyaona. Anasema Ijumaa asubuhi askofu aliketi pale Golgota, mti wa Msalaba umewekwa juu ya meza, ameushika kwa mikono yake miwili huku mashemasi wakilinda, kwa maana inasemekana siku moja mtu aliinama kubusu akang'ata kipande na kuondoka nacho. Watu wakapita mmoja mmoja. Kisha kuanzia saa sita hadi saa tisa hakukufanyika kingine ila kusoma Maandiko na kusali, na anasema hapakuwa na mtu, mkubwa wala mdogo, ambaye hakulia. Nakuletea habari hii si kwa ajili ya yule aliyeng'ata, ingawa huwa namfikiria. Nadhani alikuwa na shida kubwa. Nakuletea kwa ajili ya zile saa tatu. Watu walikwenda pale kulia. Siku hii iliwekwa kwa ajili ya kazi hiyo. Wewe umekuwa ukienda na kilio chako huku ukidhani ni cha kuficha, ukidhani wenzako waliopanga mstari wana imani na wewe huna. Hujui wangapi katika mstari ule wanabusu wakiwa na hasira.

Na kuna kitu kimekuwa kikitendeka hapo nyuma bila wewe kujua. Kabla ya kuabudu Msalaba padre husoma maombi makuu, kumi kwa idadi: kwa ajili ya Kanisa, Baba Mtakatifu, wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, Wayahudi, wasiomwamini Kristo, wasiomjua Mungu, viongozi wa nchi, na wengine. La mwisho ni kwa ajili ya wenye dhiki. Miaka minne umeombewa kwa sauti na kanisa zima, ukiwa umekumbatia mkoba wako.

Kama utataka kusema kitu ukifika mbele ya Msalaba mwaka huu, au ukibaki benchini, usitafute maneno mazuri. Yeye mwenyewe hakuyatafuta. "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" ni mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22, nao aliusema hadharani, kwa sauti kuu, asubuhi yake nzima akiwa amedhihakiwa. Neno "mbona" limo kinywani mwa Mwana wa Mungu. Liseme nawe. Sema mbona baba hakuimbiwa. Hakuna mahali pengine katika mwaka mzima wa Kanisa ambapo swali hilo limeandaliwa kiti.

Nilimkumbuka pia Papa Yohane Paulo II niliposoma barua yako. Ijumaa Kuu ya mwaka 2005, tarehe 25 Machi, hakuweza kwenda kwenye Njia ya Msalaba kule Colosseum kwa sababu ya ugonjwa. Walimwonyesha kwenye televisheni akiwa katika kikanisa chake, anaonekana mgongo tu, ameukumbatia msalaba. Hakuongea. Jumapili ya Pasaka akasogezwa dirishani abariki watu, akajaribu kusema, sauti ikakataa. Tarehe 2 Aprili akafariki. Mtu aliyehutubia dunia miaka 26 alimaliza kwa kimya, na hakuna aliyesema amemaliza nusu.

Sasa mtoto. Umemtuma kwa mwalimu wa dini, lakini swali aliliuliza kwako, kwa sababu babu ni baba yako. Mjibu wewe.

Usimwambie "Kuu" ni nzuri au ya furaha, atajua unamdanganya. Kiswahili kimetutendea wema hapo. Wenzetu Waingereza wanaiita njema, wakaachiwa kazi ya kueleza wema wake. Wajerumani wanaiita kwa neno la kale la maombolezo. Sisi tunaiita kubwa, kama Wagiriki. Na Ijumaa yenyewe tumeipokea kutoka kwa ndugu zetu Waislamu. Ndiyo siku ya kukusanyika, na baada yake Kiswahili kinaanza kuhesabu upya, mosi, pili, tatu. Ijumaa zote ni siku za watu kukutana. Hii ni ile ambayo hakuna anayekosa kukutana nayo, mwenye dini na asiye na dini, maana ni siku ya kufa.

Mwambie hivi, kwa maneno yako: Kuna siku Yesu aliponya watu, na watu wakafurahi. Kuna siku alilisha maelfu. Lakini zote hizo alikuwa amesimama upande wetu wa uhai. Siku moja akavuka akaingia upande ule ambako babu ameingia, kaburini, hasa ndani kabisa, akafunikwa na jiwe. Kwa hiyo babu hakuingia mahali ambapo Yesu hapajui. Hilo ndilo kubwa la Ijumaa ile. Akikuuliza kama Yesu aliogopa, mwambie ndiyo, usiku wake alitoka jasho akisali. Akikuuliza kama babu aliogopa, mwambie unavyojua.

Watoto wa umri huo wanasikia haraka kuliko sisi. Wangu mmoja, kipaimara hajapata, aliwahi kuniambia Yesu alikwenda "kuwatafutia taa." Sijasoma tafsiri bora ya Jumamosi Kuu.

Yaliyobaki ni ya kufanya, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Wale wanawake wa Galilaya hawakukaa miaka minne na marhamu nyumbani. Sabato ilipokwisha, walirudi. Nyinyi Sabato yenu ilikwisha Jumapili ile ya tarehe 17 Aprili 2022, na hakuna aliyerudi na nyimbo. Kaka yako alipanda ndege, mama yako akabaki na majirani, wewe ukarudi Dar. Wanakwaya bado wamesimama mstari.

Tarehe ya maziko ya baba yako haitembei na Pasaka. Ijumaa Kuu ya mwaka huu, 2026, ni tarehe 3 Aprili. Tarehe 15 Aprili itaangukia Jumatano, siku kumi baada ya Pasaka, aleluya zikiwa bado motomoto. Andika nia ya Misa sasa, usingoje. Ongea na paroko wa kwenu mwenyewe, kwa simu, umweleze kilichotokea bila kumlaumu. Mapadre huhamishwa, huenda huyu wa sasa hajui lolote. Omba Misa ya kumwombea marehemu siku hiyo, na baada ya Misa watu waende kaburini. Mpigie kiongozi wa kwaya, na ikiwezekana uwapigie wale wazee waliosimama siku ile, kila mmoja kwa jina lake. Waambie waje na sare. Tafuta daftari la baba yako la nota, wimbo wauchague wao, waimbe pale kati ya migomba mpaka watosheke. Shangazi yako akae mbele. Na kama Walutheri wenzake watapenda kuja na utenzi wao, nani atawazuia? Kaka yako wa Muscat mpigieni simu ya video asikie.

Nauli ikikupa shida na usiweze kwenda mara mbili, basi chagua tarehe 15. Lakini kama likizo ya Pasaka inakuruhusu, nenda mapema na mtoto. Ijumaa saa tisa keti naye benchi lolote, hata la nyuma, umwonyeshe padre anavyolala kifudifudi, altare ilivyo uchi, tabernakulo ilivyoachwa wazi. Kubusu au kutobusu amua hapohapo.

Jumamosi jioni, kabla moto wa Mkesha haujawashwa, muombe mama yako ule ufunguo wenye uzi mwekundu. Haufungui kitu tena, najua. Mpe mtoto autie mfukoni, akae nao gizani, masomo ni marefu na atasinzia. Utukufu ukianza, kengele zikilia na kinanda kikiingia, mwamshe, umwambie autoe.